Mikono ya mama: shajara ya mradi wa kuchora

Jumapili, 5 Januari

Naandika lengo hapa mwanzoni ili nisije nikalipunguza njiani. Kufikia mwisho wa mwaka nataka niwe nimechora, kwa rangi za maji, picha moja ya mikono ya mama ikisuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka. Kipimo ni kimoja: mama aitazame na aitambue kuwa ni mikono yake. Nikipata picha nzuri ya mikono ya bibi yeyote wa pwani, bado nitakuwa sijafika.

Nina miaka 43 na sijawahi kuchora. Darasa la nne mwalimu aliwagawa watoto wenye mkono wa kuchora na wasio nao, na sisi wa pili tukapewa kazi ya kuwachongea wenzetu penseli. Tangu siku ile sikugusa rangi tena. Hata chuoni, tulipotakiwa kuchora vimelea kwenye daftari la mazoezi, nilichora nikiwa nimefunika ukurasa kwa mkono wa pili. Sasa mama ana miaka 74. Asubuhi vidole vyake vinachelewa kukunjuka, anavipasha moto kwenye kikombe cha chai kabla hajashika kazi. Simu yangu imejaa picha zake akisuka barazani, lakini nikizitazama naona mwanamke amekaa kwenye mkeka, basi. Mikono yenyewe, vile inavyoijua kazi yake, haimo.

Mpango ni dakika 30 kila usiku baada ya isha, siku tano kwa wiki. Kila karatasi inapewa namba na tarehe, na hakuna ya kutupwa. Ndio utaratibu wa maabara ninakofanya kazi, hapa hapa Tanga mjini, na ndio ninaoujua.

Namba 1 nimeichora leo kwa penseli ya HB, dakika 40. Vidole vyote vina urefu mmoja. Kidole gumba kimetoka ubavuni mwa kiganja kana kwamba kimeshonewa hapo. Ukili hauonekani kuwa ni ukili. Nimeiweka kwenye faili.

Jumanne, 14 Januari

Vifaa. Boksi la rangi za maji za wanafunzi, vidonge 12. Brashi mbili, moja nene na moja nyembamba. Karatasi za manila nilizozikata robo. Kopo la maji, kitambaa cha kukausha brashi, sahani nyeupe ya kuchanganyia.

Manila haifai. Inakunywa maji papo hapo, na ukipitisha brashi mara ya tatu mahali pamoja inaanza kutoa nyuzi. Kisha inajikunja kama bati lililopata moto. Namba 4 hadi 7 zimeharibika kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya mkono wangu, na nimefarijika kuweza kutofautisha mambo haya mawili. Karatasi ya rangi za maji huuzwa kwa uzito wake, na ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba ndiyo inayostahimili maji. Nimemwagiza mtu anayekwenda Dar es Salaam.

Jumapili, 26 Januari

Nimeiacha mikono kwanza. Wiki mbili hizi nachora kikombe cha bati cha mama, kile cheupe chenye mdomo wa buluu.

Mdomo wa kikombe umenichukua siku nane. Najua ni duara, kwa hiyo mkono ulikuwa unataka kuchora duara, au yai lenye ncha mbili kali pembeni. Hakuna ncha. Ukikitazama kikombe kwa juu kidogo, mdomo unakuwa duara lililobanwa, nalo linageuka pembeni bila kuvunjika popote. Jambo la pili nililigundua jana: mzunguko wa chini, pale kikombe kinapokaa mezani, haukubanwa sana kama wa juu, kwa sababu uko chini zaidi ya usawa wa macho. Nilikuwa nachora chini kwa mstari ulionyooka. Nilipoupinda tu, kikombe kikakaa mezani.

Namba 15 ni kikombe. Mpwa wangu wa miaka sita amekitambua bila kuulizwa.

Jumapili, 9 Februari

Leo nimekumbuka jambo la zamani ambalo limenipa nguvu, nalieleza kwa kirefu.

Mwaka wa kwanza chuoni tulipewa slaidi za damu zilizopakwa Giemsa, ile rangi ya maabara, lenzi ya mafuta, ukuzaji mara 1000. Mwalimu akasema: tafuteni vimelea vya malaria. Nilitazama saa nzima. Niliona bahari ya zambarau yenye madoa, mengine makubwa, mengine madogo, yote sawa kwangu. Mwenzangu aliyekaa kando yangu aliona vivyo hivyo. Mwalimu akaja, akasogeza slaidi kidogo, akasema, "Hiki hapa." Nikatazama. Madoa.

Wiki ya tatu au ya nne nikaanza kuona: nukta nyekundu iliyoiva, na kando yake kipande cha buluu hafifu. Mwisho wa muhula nilikuwa siwezi tena kutoviona. Leo kabla ya kuandika kwamba mgonjwa hana vimelea napitia maeneo 100 ya slaidi nene, na jicho linafanya kazi yake hata nikiwa nimechoka. Hakuna aliyewahi kuniambia nina kipaji cha malaria. Walinifundisha, nikatazama slaidi nyingi sana, jicho likazoea.

Kwa nini basi nimekaa miaka zaidi ya 30 nikiamini kwamba jicho la kuchora ama unazaliwa nalo ama huna? Sisemi kwamba vipaji havipo. Nimewaona watoto wanaochora ng'ombe kwa mkaa ukutani, na ng'ombe anatembea. Ninachosema ni kwamba mimi sikupimwa. Mtoto wa darasa la nne alichora nyumba moja, siku moja, na majibu yakatolewa hapo hapo. Maabara ikitoa majibu kwa namna hiyo tunaiita uzembe.

Jumapili, 23 Februari

Zoezi la mwezi ni mwanga na kivuli, bila rangi. Natumia nyeusi peke yake na maji: maji mengi kwa kijivu hafifu, machache kwa kivuli kizito.

Kufinya macho kunasaidia mno. Ukiyafinya mpaka kope zikaribie kugusana, vitu vidogo vidogo vinapotea na yanabaki mabaka makubwa, lile jepesi na lile zito. Njia nyingine ni kuipiga picha kwa simu kazi yako pamoja na kitu chenyewe, kisha kuondoa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Hapo nimeona kosa langu kubwa: naogopa giza. Kivuli kilicho kizito kweli mimi nakipaka kijivu cha katikati, na kwa hiyo picha nzima inapwaya.

Kwenye rangi za maji weupe hautoki kwenye brashi, ni karatasi yenyewe uliyoiacha wazi. Ukishaufunika haurudi kwa urahisi. Unapanga mapema wapi hutagusa.

Jumatatu, 17 Machi

Ramadhani. Nachora mara mbili kwa wiki, baada ya tarawehe, dakika 15. Bakuli la uji, tende, kijiko. Namba 22 hadi 25. Hakuna la kusema zaidi.

Jumapili, 20 Aprili

Masika imeniadhibu. Karatasi za gramu 300 zilifika mwezi uliopita, nikaziweka pamoja na faili la kazi zote chini ya kitanda. Leo nimelitoa: kuvu. Madoa ya kijani na kijivu yamepita kwenye karatasi tisa, na karatasi mpya tatu zimelowa pembeni. Namba 15, kile kikombe, kimeliwa mdomo wote.

Nililia kidogo, naandika ukweli. Mama akaja akashika karatasi moja baada ya nyingine, akazigeuza, akazinusa. Ukindu nao hupata ukungu msimu huu ukiulaza chini. Alinionyesha juu ya kabati lake anapoweka mafungu ya chane, vile vipande vyembamba vya ukindu vya kusukia, yamefungwa kwa kamba, yametengana na ukuta. Nimehamishia faili huko. Karatasi mpya nimezitia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya vifaa. Na kwa sasa kila picha inakauka siku nzima kabla haijaingia kwenye faili, maana hewa ya mvua haikaushi rangi haraka, hata kama juu inaonekana imekauka.

Jumapili, 4 Mei

Rangi ya ngozi. Hii ndiyo iliyonishughulisha kuliko zote.

Boksi jipya nililonunua lina kidonge kimeandikwa rangi ya ngozi. Nilipokilowesha kilikuwa waridi. Nimekaa nacho muda. Mtoto wa Kitanzania atanunua boksi hili, atafungua rangi ya ngozi, na ngozi yake haitakuwamo, wala ya mama yake. Video za mafunzo ninazozitazama kwenye simu nazo ni hivyo hivyo: mwalimu anachanganya nyekundu kidogo, manjano kidogo, maji mengi, anasema sasa tuna ngozi. Kwa mikono ya mama sina hata hatua ya kwanza ya kufuata.

Kwa hiyo nimetengeneza jedwali langu. Miraba 36 kwenye karatasi moja, kila mraba mchanganyiko wake, vipimo vimeandikwa chini kwa matone. Nilizonazo ni kahawia ya udongo wa Siena uliochomwa, ule wa asili ya Italia ambao ukipashwa moto unaiva na kuwa mwekundu, altramarini, ambayo ni buluu iliyokoza, manjano ya udongo, na nyekundu iliyokolea. Majibu:

Siena na altramarini peke yake zinatoa karibu kila kitu ninachohitaji. Siena ikizidi, unapata kahawia yenye joto. Zikilingana, kijivu kizito kinachokaribia weusi, na ni weusi wenye uhai kuliko ule wa kidonge cheusi, ambao unaifisha picha. Altramarini ikizidi, kivuli cha ubaridi. Manjano ya udongo inaingia kwenye viganja na kwenye ncha za vidole.

Nikamwomba mama anyooshe mkono dirishani, saa nne asubuhi, nikaushikia jedwali pembeni. Kitu ambacho sikukitegemea: mgongo wa mkono wake, pale mwanga wa mbingu unapogonga mifundo ya vidole, si kahawia iliyopauka. Ni samawati. Samawati hafifu kabisa, juu ya kahawia nzito. Na chini ya vidole, ambako mwanga unarudi kutoka kwenye mkeka, kahawia inageuka nyekundu kama ya udongo wa Lushoto. Mkono mmoja, ubaridi juu na joto chini. Nimeishi na mkono huu miaka 43. Umeniogesha, umenisuka nywele, umenichapa. Samawati ile nimeiona leo.

Kuhusu altramarini, nimesoma kwamba zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani lililotoka Afghanistan na kuvuka bahari, ikawa ghali mno, mpaka miaka ya 1820 ilipoanza kutengenezwa kiwandani huko Ufaransa. Ikashuka bei kiasi cha kuingia kwenye bluu ya kufulia nguo nyeupe. Nilipomsimulia mama alicheka, akasema kanzu za marehemu baba zilikuwa zinakoshwa kwa rangi ya wafalme.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda Dar kwa shughuli ya kifamilia, nikapata saa mbili za kupita Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru. Kabla ya Dar alipita huku kwetu Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Hakusomea sanaa popote. Alianza kuchora mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi zinazong'aa zile za kupakia baiskeli, maana ndizo zilizopatikana dukani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Miaka minne tu ya kazi. Lakini alikuwa amewafundisha vijana, wengi wao ndugu zake, nao wakafundisha wengine, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Nilisimama nyuma ya kijana mmoja nikamtazama. Turubai tatu mbele yake zote zilikuwa na rangi ya nyuma tu, imetoka buluu ikaingia kwenye manjano bila mpaka kuonekana. Akaniambia zile hazigusi mpaka kesho, zikauke. Mwaka wake wa kwanza hakuchora mnyama hata mmoja, alikuwa anapaka rangi za nyuma za wenzake na kujaza nukta. Nikamuuliza kama alikuwa na kipaji alipokuja. Alifikiri kidogo, akasema, "Nilikuja na mjomba." Nimelifikiria jibu hilo njia nzima ya kurudi, kilomita zaidi ya 300 kwenye basi. Mimi sikuwa na mjomba wa namna hiyo.

Jumapili, 22 Juni

Namba 41: mikono yote miwili, rangi kamili, karatasi nzuri. Usiku sita. Nilidhani nimefika. Rangi ni za mama, mwanga ni wa barazani kwetu, mishipa ya mgongo wa mkono iko mahali pake, hata kovu la kisu kwenye kidole gumba cha kushoto lipo.

Nilimpelekea akiwa anasuka. Akaacha kazi, akapangusa vidole kwenye kanga, akaishika karatasi kwa pembe.

"Mikono imekaa vizuri," akasema.

"Ni yako, mama?"

Akanyamaza. Kisha akanionyesha kidole gumba cha kulia kwenye picha. "Huyu hashiki kitu, mwanangu. Mimi hapa nakaza. Huyu amelaza tu."

Nikatazama. Kweli. Nimechora vidole vilivyowekwa karibu na ukili. Haviufanyi kitu.

Jumapili, 29 Juni

Wiki nzima nimejaribu kurekebisha kidole kile. Namba 42 hadi 45, vidole gumba peke yake. Nakitazama mama anaposuka, lakini mkono unakwenda mbio, na akiusimamisha ili niuone, nguvu inaondoka humo humo. Picha za simu nazo zinatoka na ukungu. Sijui kidole kile kinafanya nini, na nisichokijua nakizungushia mistari mizuri.

Jumatatu, 7 Julai

Leo ni Saba Saba, sikwenda kazini. Nimemwambia mama: nifundishe kusuka.

Aibu nyingine hii. Mimi ni binti wa msusi na sijui kusuka. Nilipokuwa na miaka tisa nilijaribu, nikachoka, na mama hakunilazimisha kwa kuwa alitaka nisome. Leo alinikatia chane 11, akanianzia ukili, akanipa.

Nitaeleza ninachokielewa baada ya saa tatu. Mkono wa kushoto unashika ukili uliokwisha kusukwa, karibu kabisa na pale kazi inapoendelea. Mkono wa kulia unachukua chane ya ukingoni, unaikunja, unaipitisha juu na chini ya wenzake mpaka katikati. Hapo ndipo kidole gumba kinapoingia. Kinaikandamiza chane iliyofika ili isirudi, wakati kidole cha shahada kimeshaanza kuitafuta inayofuata. Kwa hiyo kidole gumba hakilali hata mara moja. Fundo la mwisho limepinda kurudi nyuma, ukucha umegeuka weupe kwa mbele kwa sababu damu imesukumwa, na nyama ya ncha imetanuka pembeni. Naandika nikiwa nakitazama cha kwangu. Kina alama ya chane imekatiza katikati, na kinauma.

Ukili wangu wa leo una urefu wa shubiri. Mama ameutazama, ameufumua wote, amenirudishia chane.

Jumapili, 20 Julai

Wiki mbili sijachora. Nasuka. Mama amefumua mara nne, mara ya tano ameacha. Hakusema kitu, amekata tu chane nyingine za kuunga pale za mwanzo zilipokwisha, akanionyesha namna ya kuifichia ile mpya chini ya ile inayokwisha, zikaenda pamoja mizunguko michache, kisha mkia wa zamani unakatwa. Hapo mkono unapunguza mwendo. Ni mahali pekee katika kazi nzima ambapo mikono ya mama inatulia, kama pumzi moja.

Nitachora hapo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimetengeneza fremu ya nyuzi: mbao nne nyembamba, uzi mweusi umepita wima na kulala, unatoa miraba. Ukiisimamisha kati yako na kitu, na karatasi yako ikawa na miraba hiyo hiyo kwa penseli hafifu, unaona kila mstari unaingia mraba gani na kutokea wapi. Vincent van Gogh alitumia fremu ya namna hii alipokuwa anajifunza. Alianza kuchora kwa nia akiwa na miaka 27, mwaka 1880, na akafa 1890, na katikati hapo alijilazimisha kunakili mazoezi ya vitabuni kama mwanafunzi. Nilipoyasoma hayo nikaacha kuiona fremu kuwa ni udanganyifu.

Mama anakaa ileile nafasi kila Jumapili saa nne hadi saa tano. Namba 50 hadi 54, penseli tu. Sasa nikikosea najua nimekosea wapi, kwa sababu natia mkono wangu mwenyewe katika mkao ule na kuuliza: chane ingekaa au ingetoka?

Jumapili, 14 Septemba

Siku ya kutia rangi chane. Nimeiandika kwa ajili ya picha, lakini pia kwa ajili yake.

Sufuria kuukuu inachemka nje kwenye mafiga, maji mpaka nusu, rangi ya unga ya zambarau imemiminwa kwa kijiko. Mama hapimi. Anachovya chane moja, anaitoa, anaitazama ikiwa mbichi, kisha anaipepea mpaka ikauke, anaitazama tena. "Ikiwa mbichi inakudanganya," akaniambia. Rangi za maji nazo ni hivyo: zikiwa zimelowa zimekoza, zikikauka zinapauka, na mimi nimepoteza karatasi kumi hivi nikijifunza jambo ambalo mama amekuwa akilifanya uani kwetu tangu sijazaliwa. Akaongeza unga, akachovya nyingine. Mara tatu. Ndipo akatumbukiza fungu zima, akaligeuza kwa kijiti.

Nilikwenda ndani nikaleta jedwali langu la miraba 36. Akalishika karibu na jicho, akalipitia mstari kwa mstari, akaweka kidole kwenye mraba wa 29. "Hii ukiongeza maji kidogo ndiyo kiganja changu." Nimejaribu jioni. Ndiyo.

Jumapili, 12 Oktoba

Namba 58, 59, 60. Ya 58 nimeipaka kupita kiasi, kivuli kimekuwa tope. Ya 59 maji yalitiririka kutoka kwenye ukili wa zambarau yakaingia kwenye kidole cha shahada kabla hakijakauka. Ya 60 ilikuwa inakwenda vizuri mpaka umeme ulipokatika, nikaendelea kwa tochi ya simu, asubuhi nikakuta buluu mahali pa kahawia. Sichori tena usiku kwenye hatua ya rangi. Nitatumia Jumapili tu, mwanga wa dirisha.

Jumapili, 16 Novemba

Namba 63. Sentimita 38 kwa 28, karatasi ya gramu 300, Jumapili tatu.

Jumapili ya kwanza nilipaka tabaka hafifu tu, siena yenye maji mengi kwenye mikono yote, nikiruka sehemu nne ndogo za mifundo ambazo nilitaka zibaki karatasi tupu kwa muda. Nikaiacha ikauke wiki nzima. Ya pili, vivuli: altramarini na siena, na safari hii sikuogopa giza. Chini ya kiganja cha kushoto ni karibu weusi. Leo, samawati kwenye ile mifundo minne, tone moja moja, kisha chane. Zambarau nne, za rangi ya asili sita. Ukucha wa kidole gumba cha kulia nimeuacha umepauka mbele. Mkia wa chane ya zamani unaonekana umetokeza kidogo pembeni, haujakatwa.

Nazijua kasoro zake. Kifundo cha mkono wa kushoto ni kinene kuliko chake. Mkeka wa nyuma umetoka bapa. Kidole kidogo cha kulia kimepotelea kwenye kivuli na sikuweza kukiokoa.

Nilimpelekea baada ya adhuhuri. Aliishika kwa pembe, kama ile ya Juni, akaisogeza kwenye mwanga. Akaanza kuhesabu chane kwa ncha ya kidole bila kugusa karatasi. Alifika kumi, akarudia. Kumi.

"Nyingine iko wapi?"

"Imepita chini, mama. Haionekani kwa upande huu."

Akauokota ukili wake kutoka kwenye mkeka, akaushika mkao ule ule, akaugeuza kidogo kuelekea kwangu, akatazama, akatazama picha.

"Kweli," akasema. Kisha, baada ya muda: "Hapa nilikuwa naunga."

Hakusema zaidi, akarudi kwenye kazi yake. Nimeibandika ukutani juu ya kitanda chake kwa pini nne. Pembe ya chini upande wa kushoto imeshaanza kujikunja, kesho nikitoka kazini nitapita kwa fundi seremala wa barabara ya pili nimuulize bei ya fremu yenye kioo.